Nusu Kidonge, Jumatatu na Alhamisi

Mke wangu Fancy ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba macho yangu yameharibika. Tulikuwa tunachuma chai kwenye shamba la juu, hapa Kimulot, yeye mstari wa chini na mimi mstari wa juu, na kila tulipofika mwisho alirudi kimyakimya kwenye mstari wangu kuchuma nilichoacha. Siku tatu alifanya hivyo bila kusema neno. Siku ya nne alitua kikapu chini.

"Mzee, unachuma katikati peke yake," alisema. "Upande hii na upande hii umeacha yote. Wiki ijayo itakuwa imekomaa, na karani wa chai atakataa."

Nilimwambia ashike mstari wake aniachie wangu. Mimi ni mtu wa hasira, Kimulot nzima inajua, na hasira yangu hupanda zaidi mtu akiniambia ukweli. Lakini nilipogeuza kichwa kutazama nilikotoka, niliona majani yamesimama kulia na kushoto, mabichi, mazuri, mkono wangu haujayagusa. Sikuwa nimeyaona kabisa.

Niseme mapema habari ya mke, kabla mtu hajaanza kukuna kichwa. Jina langu ni Sally, nina miaka arobaini, na mimi ni mwanamke mwenye mke. Kwetu Wakipsigis, mjane aliyeachwa bila mtoto anaweza kuoa msichana ili nyumba ya marehemu isimame. Analipa ng'ombe, anaketi na wazee, na tangu siku hiyo anahesabiwa mwanamume. Mtoto akizaliwa ni wa nyumba ile, na baba yake ni huyo mwanamke aliyeoa. Aliyempa mama yake mimba hatajwi, na yeye mwenyewe hadai kitu. Njenga wa duka la dawa kule Roret, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a, aliwahi kuniuliza tunalala wapi. Nilimjibu kwamba kila mtu ana kitanda chake, na kwamba dawa yake ya kikohozi haikunisaidia chochote.

Sharti la ndoa hiyo ni moja, na ndilo lililonifikisha hapa. Lazima anayeoa awe amemaliza umri wa kuzaa. Mwanamke ambaye tumbo lake bado linaweza kubeba mimba hawezi kuwa baba wa mtu.

Mimi nilimaliza mapema mno. Niliolewa na Johana nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nilipofika ishirini na mitano damu yangu ya mwezi ilikuwa imekata. Tulizunguka sana. Tulipewa vidonge vya kusafisha tumbo, tukapewa mizizi ya kuchemsha, tukawekewa mikono na wahubiri watatu, mmoja wao akinisukuma paji la uso ili nianguke, na mimi nikakataa kuanguka. Halafu, nikiwa na ishirini na minane, maziwa yakaanza kutoka. Nilikuwa nimeinama nakamua ng'ombe, nikaona blauzi yangu imelowa pande zote mbili. Mama mkwe aliona pia. Aliniuliza huyo mtoto nimemzalia wapi na nimemtupa wapi.

Johana hakuyaamini maneno yale, Mungu amlaze pema. Lakini aliniomba nisimwambie mtu, maana watu wangesema yale yale. Nikakata leso vipande, nikawa najifunga kifua kila asubuhi kabla ya kutoka nje. Nilijifunga hivyo miaka kumi na miwili. Johana mwenyewe aliishi saba tu ya miaka hiyo, hadi siku lori la majani lilipoteleza kwenye matope ya Kiptere na yeye akiwa amepanda nyuma.

Matanga hayajaisha, mdogo wake Kiptum alikuwa tayari anapima shamba la juu kwa hatua. Alisema nyumba isiyo na mtoto haina haja ya chai. Sikumlilia wala sikumpigia magoti. Nilikwenda kwa Kogo Chepkemboi, bibi aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, nikamweleza kwamba damu yangu imekoma miaka kumi na ninataka kuoa. Aliniita mwanangu, akanishika mashavu, akasema wengine Mungu huwamaliza mapema. Kiptum alipiga kelele kwamba mtu wa miaka thelathini na mitano ni msichana bado, lakini hakuwa na ushahidi. Nikamwoa Fancy, na mwaka uliofuata akamzaa Kipkurui.

Nilimpenda mtoto yule hadi nikaogopa. Na kwetu baba hambebi mtoto mchanga. Hamwogeshi wala hamlishi, huo si utani, mtu akionekana anafanya hivyo anapoteza heshima yake. Kipkurui alipokuwa akilia katika nyumba ya Fancy, hatua ishirini kutoka kwangu, maziwa yalikuwa yanamwagika yenyewe ndani ya zile leso. Wiki ya tatu Fancy alipata jipu kwenye titi, akawa na homa, mtoto akalishwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko na akaharisha hadi macho yakaingia ndani. Mimi nilisimama nje ya mlango kama mzee wa boma anayekuja kuuliza hali. Kifua changu kilikuwa kimejaa hadi kinauma. Nikauliza, "Mtoto yuko aje?" Nikaambiwa analia tu. Basi nikaenda zizini nikakaa na ng'ombe.

Kipkurui alipona, asante Mungu. Alipofikisha mwaka mmoja kichwa kilianza kuniuma, maumivu ya nyuma ya macho, siku nzima, wiki nzima. Kiptum alijitolea kunipeleka hospitali mjini kwa gari lake. Huo haukuwa upendo. Alitaka kujua nitakufa lini. Alifuatana nami hadi ndani kwa daktari, akavuta kiti, akaketi kama ndiye mgonjwa.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Alikuwa na picha za kichwa changu. Alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo sana, ukubwa wa harage, na kwenye tezi hiyo ameona kifuko chenye majimaji. Watu wengi wanazaliwa nacho na hawajui. Hakiui mtu, na labda ndicho kinacholeta maumivu. Kisha akachukua kalamu akauliza maswali yake bila kuinua uso. Hedhi? Nikasema ilikoma, mimi si kijana. "Na kwa matiti, kuna maziwa inatoka?"

Kiptum aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

Hapo ndipo nilipojiua kwa mdomo wangu. Ningesema ndiyo, Kiptum angeitisha kikao kabla hatujafika nyumbani. Angesema huyu ni mwanamke mzima, amezaa mahali, anadanganya ukoo. Ndoa ingevunjwa, Fancy angerudi kwao na mtoto asiye na baba, na shamba la juu lingekuwa lake. Basi nikacheka.

"Daktari, mimi ni mzee wa boma," nilisema. "Maziwa iko kwa ng'ombe."

Daktari akacheka, Kiptum akacheka zaidi, na kwenye karatasi ikaandikwa hakuna. Kwa sababu ya jibu hilo hakuna aliyeona haja ya kunipima damu. Niliambiwa nirudi baada ya miezi sita. Sikurudi, maana nilikuwa nimeambiwa ni kifuko cha maji tu, na maumivu ya kichwa unayazoea.

Hivyo ndivyo nilivyofika mwaka wa kuchuma katikati peke yake. Siku ile ile Fancy aliponisema, tukishuka na vikapu, niligonga nguzo ya lango kwa bega nikaanguka chali. Nguzo ile niliichimbia shimo mwenyewe. Fancy aliniinua, akanipeleka ndani, akanivua blauzi anikande bega, na mimi nilikuwa na kizunguzungu cha kutosha kusahau nilichofunga. Alifungua leso moja baada ya nyingine. Maziwa yakamdondokea mkononi. Nilitegemea atoke mbio, lakini alikaa chini sakafuni.

"Tangu lini?"

"Kabla sijakuoa."

"Hata wakati ya jipu?"

"Hata wakati ya jipu."

Alilia muda mrefu. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningeona nafuu kama angenilaumu. Asubuhi yake aliniambia nivae vizuri, tunakwenda Kericho, na Kiptum asijue.

Daktari Nyakundi wa hospitali ya Kericho ni mtu wa makamo, mfupi, Mkisii, anayesikiliza kwa kichwa kilichoinama. Nilimwambia kila kitu, maziwa, damu, leso, hata lile jibu la ng'ombe. Alinipima damu na kunirudisha kwenye mashine ya picha. Baada ya wiki alituita sote wawili, akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama, hapa kuna vitu viwili, si kimoja," alisema. "Hiki ni kile kifuko chako cha maji. Hakijabadilika. Na hiki hapa nyuma yake ni uvimbe. Hakuna kansa, si kwa hiki wala kwa kile. Lakini kukaa pamoja hivi kwa tezi moja ni nadra sana. Mwenzangu alipata kifuko, akafikiri amepata ugonjwa."

Alieleza polepole. Uvimbe ule unatengeneza homoni ya maziwa, ile ambayo mama anapaswa kuwa nayo akiwa ananyonyesha. Homoni hiyo ikizidi, damu ya mwezi inasimama na mimba haiingii. Mwili unadhani una mtoto mchanga. Na sasa uvimbe umekua, umeinuka, unabana mishipa ya macho pale inapokutana, ndiyo sababu naona mbele na kukosa pembeni. Nikauliza kama atanipasua. Alisema tuanze na dawa. Nusu kidonge, Jumatatu na Alhamisi. Uvimbe wa aina hii mara nyingi husinyaa kwa kidonge tu.

"Na nisipomeza?"

"Utapofuka."

"Na nikimeza?"

"Macho itarudi, labda si yote. Maziwa itakauka. Na hedhi itarudi, kwa sababu haikuwa imeisha, ilikuwa imezuiwa." Alinitazama mimi, akamtazama Fancy. "Una miaka arobaini tu. Mama mwingine ningemwonya awe mwangalifu, maana wengi wanashika mimba."

Kisha nikauliza kama kidonge hicho kilikuwepo nilipokuwa na miaka ishirini na minane.

"Kilikuwepo," alisema.

"Hiki hiki? Nusu?"

"Nusu, mama."

Siku ile nilimlilia Johana kuliko siku ya kumzika. Nililia hospitalini, nikalia njiani, nikafika nyumbani nikalia nikimkamua ng'ombe. Nilikuwa nawalilia watoto wake wote ambao hawakuzaliwa, wale tuliokuwa tumewapa majina tukiwa tumelala, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Nilimkasirikia mama mkwe kaburini. Niliwakasirikia wahubiri watatu. Mwisho nilijikasirikia mwenyewe, kwa ule mzaha wa ng'ombe niliouona mtamu.

Nilimeza dawa. Wiki za kwanza nilitapika, kisha mwili ukazoea. Mwezi wa pili maziwa yakakauka, na siku moja nikachoma zile leso zote nyuma ya jiko. Macho yakaanza kufunguka pembeni kidogokidogo. Nakumbuka nilikuwa nimeketi kibarazani, Kipkurui akaja mbio kutoka upande wa kushoto, na nikamwona kabla hajafika. Miaka miwili alikuwa akinitokea ghafla tu magotini. Nilimwambia, "Wewe, nimekuona," na alishangaa kwa nini baba yake analia kwa jambo dogo hivyo.

Mwezi wa tatu damu ikaja. Nilikuwa nimesahau namna yake, nikadhani nimejikata. Fancy alinichemshia maji akanifulia nguo mwenyewe, akazianika ndani, si kwenye kamba. Hatukuhitaji kuelezana. Nguo ile ikionekana na mke wa Kiptum, Kipkurui hana baba.

Lakini sitadanganya kwamba nilihuzunika. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nilianza kuwaza kama msichana. Nilijitazama kwenye kioo. Niliwaza kwamba ninaweza kuvua huu uzee wa boma, nikarudi kwetu, nikatafuta mwanamume mjane yeyote mwenye meno, nikazaa hata mmoja, nimbebe mgongoni mchana kweupe na hakuna wa kunizuia. Nilikuwa nachuma chai huku nikiwaza hivyo, na mikono yangu ilikuwa inachuma hadi pembeni kabisa. Fancy aliona. Yeye huona kila kitu, ndiyo shida ya kumwoa mtu mwerevu.

"Ukitaka kwenda, enda," aliniambia tukiwa tumeketi kwenye vikapu tukingoja gari la majani. "Wewe si mzee. Ulipewa hiyo kazi kwa sababu ya ugonjwa. Enda uzae wako. Mimi sitakushika."

"Na Kipkurui?"

"Tutaona," alisema, lakini alikuwa anatazama barabara. Sote tulijua ataona nini. Kiptum hangewaacha yeye na mtoto pale hata hadi mvua inyeshe.

Aliyetuharibia ni Njenga. Dawa niliinunua Kericho kila mara, lakini mwezi huo ilikwisha huko, nikaenda Roret. Njenga, aliyezoea kuwauzia dawa ile wanawake wanaotafuta mimba, alisoma karatasi ya daktari, akatabasamu, akanihudumia bila swali. Nilipaswa kuogopa hapo hapo, maana Njenga bila swali ni hatari. Wiki ile ile alimtania Kiptum sokoni kwamba shemeji yake anatafuta mtoto. Kiptum hakucheka. Alikwenda nyumbani akaitisha kikao.

Tulikaa sebuleni kwake Jumamosi asubuhi, kwenye makochi yaliyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa. Walikuwepo wazee wanne wa ukoo, mchungaji, na Kogo Chepkemboi akiwa amefungwa blanketi. Fancy alisimama mlangoni na Kipkurui ameshika sketi yake. Kiptum alisema maneno yake yote akiwa amesimama. Nilioa kwa uongo. Sikuwa nimemaliza umri. Sasa namezeshwa dawa za kutafuta mimba, na nikizaa, mtoto wangu na mtoto wa Fancy watapigania chai ya kaka yake. Aliomba ndoa ifutwe na mtoto arudishwe ujombani.

Mchungaji akaniuliza dawa ni ya nini. Nikasema ni ya macho, na hilo halikuwa uongo. Nikawaeleza habari ya kifuko na uvimbe, jinsi viwili vilivyokaa pamoja na kimoja kikaficha kingine. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Kiptum alisema macho hayanunuliwi dawa ya mimba.

Kogo akainua mkono, watu wakanyamaza. Alizungumza kwa Kipsigis, kwa upole, kama anavyozungumza nami siku zote.

"Sally, mimi sijui dawa. Nitakuuliza jambo moja, na utakavyojibu ndivyo nitakavyoamua. Tumbo lako linaweza kubeba mtoto?"

Miaka kumi na minane nilikuwa nimemwomba Mungu niwe na jibu la swali hilo. Niliomba nikifunga kula, niliomba nikiwa nimepiga magoti kwenye matope kati ya mistari ya chai, niliomba Johana akiwa amelala ubavuni mwangu. Sasa nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni. Kipkurui alikuwa ananitazama kutoka mlangoni, na niliweza kumwona vizuri bila kugeuza kichwa.

Nilisema hapana. Nilisema nilimaliza zamani, Johana akiwa hai, na wote wanajua.

Kogo akasema basi, yamekwisha, huyu ni baba wa mtoto wake na shamba ni la mtoto. Wazee wakaitikia. Kiptum alitazama chini, kisha akaagiza chai iletwe, maana hata yeye ana adabu mbele ya wageni. Walikunywa, wakaongea habari za mvua, mchungaji akaomba, wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakinipa mkono. Ilikuwa siku ya pili ya damu yangu ya mwezi. Nilibaki nimeketi kwenye kitambaa kile cheupe hadi wa mwisho alipotoka, kwa sababu niliogopa kusimama.